Mpira Mguuni, Macho Uwanjani: Kumfundisha Mtoto Kukokota Huku Akiona

Pita Buyenzi, mjini Bujumbura, saa kumi na moja jioni, usimame kando ya kiwanja chochote cha vumbi. Utawaona watoto wanaoujua mpira. Pengine mpira wenyewe ni matambara yaliyofungwa kwa kamba, pengine nusu yao wako pekupeku, lakini mguu unatii. Mtoto wa miaka 10 anamvuta mwenzake kushoto, anampita kulia, na watazamaji wanashangilia. Hatua tatu mbele anajiingiza katikati ya mabeki wawili na kunyang'anywa, huku mwenzake aliyekuwa peke yake upande wa pili akibaki amenyoosha mikono. Mguu wa mtoto yule haukuwa na kosa. Hakuona, basi.

Walimu wengi tunalijibu jambo hili kwa sauti kubwa: "Inua kichwa!" Mtoto anainua kichwa kwa kututii, kisha macho yanarudi kwenye mpira. Ukimuuliza aliona nini pale alipoinua kichwa, hana jibu. Kuona uwanja hakufundishwi kwa amri. Kunafundishwa kwa kupanga zoezi ambalo mtoto asipotazama hafaulu. Zoezi likipangwa hivyo, mwalimu anaweza kunyamaza kabisa na kichwa kikainuka chenyewe.

Haya yanayofuata ni kwa mwalimu wa Bujumbura mwenye watoto wengi, mipira michache na kiwanja anachogawana na wengine. Hayahitaji vifaa vya gharama. Yanahitaji mpango, subira na mwalimu anayejua anatafuta nini.

Kwanza elewa kwa nini macho yanaganda chini

Sababu ya kwanza ni mguu usiojiamini. Mtoto ambaye hajui mpira utakwenda wapi akiugusa hawezi kuuacha kwa macho hata kwa nusu sekunde. Huyu usimdai atazame mbali kabla hujampa nafasi ya kuugusa mpira mara nyingi sana, kwa miguu yote miwili, kwa ndani ya mguu, kwa nje na kwa unyayo. Dakika kumi za kugusa mpira kila siku, hata nyumbani uani, zinamfaa kuliko mazoezi marefu ya Jumamosi peke yake.

Sababu ya pili ni kiwanja. Viwanja vyetu vingi vina mawe, mashimo na mifereji iliyochimbwa na mvua. Mpira unaruka pasipotarajiwa, na mtoto anayeutazama sana ana haki yake. Kwa hiyo chagua sehemu iliyo tambarare kuliko zote kwa ajili ya mazoezi haya, hata kama ni kipande kidogo tu, na uache sehemu mbovu kwa mbio na mazoezi ya viungo. Ukubwa wa mpira nao una maana. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 anafaa kutumia mpira namba 4, na mdogo zaidi namba 3. Namba 5 ni ya watu wazima na vijana wakubwa. Mpira mkubwa na mzito kwa mguu mdogo unamlazimisha mtoto kuusukuma mbali na kuufukuza, na anayefukuza mpira hana muda wa kutazama kitu kingine.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi walimu. Tunapanga koni au mawe kwa mstari, mtoto anapita kwa zigizaga, tunasifu. Lakini koni haitembei, haipokonyi na haibadili nia. Mtoto akipita katikati ya mawe kumi amejifunza kutazama ardhi, kwa sababu zoezi zima liko ardhini. Mstari wa koni unafaa kuupasha mguu moto kwa dakika tano. Ukiufanya kuwa somo zima, unafundisha kile kile unachokilalamikia siku ya mechi.

Mfano tunao nyumbani

Saidi Ntibazonkiza alizaliwa Bujumbura mwaka 1987, akapita klabu ya Vital'O, akacheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, kisha akahamia ligi ya Tanzania. Msimu wa 2022/23, akiwa amefikisha miaka 36, alimaliza ligi hiyo na mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga. Katika umri huo mchezaji hawazidi mbio mabeki wa miaka 22. Anawazidi kwa kujua mapema nafasi iko wapi, nani anakuja na nani amelala. Waonyeshe watoto wako video za mechi zake, lakini usiwaambie watazame mguu wake. Waambie watazame uso wake sekunde mbili kabla mpira haujamfikia.

Kutazama huko kabla ya mpira kumeshachunguzwa. Mtafiti wa Norwe, Geir Jordet, ametumia miaka mingi kuwasoma kwa video viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza, akihesabu ni mara ngapi mchezaji anageuza uso kutoka kwenye mpira na kutazama kwingine kabla ya kupokea. Waliotazama mara nyingi zaidi walifikisha pasi zao vizuri zaidi. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama sana: karibu mara 6 katika kila sekunde 10. Mtoto wa miaka 11 hatafika huko wiki ijayo, lakini somo liko wazi. Mkokotaji mzuri anaanza kazi yake kabla hajaugusa mpira.

Lini atazame, na atazame nini

Hapa ndipo amri ya "inua kichwa" inaposhindwa: haimwambii mtoto lini. Mfundishe hivi. Mguu unapougusa mpira, macho yako kwenye mpira. Mpira ukishatoka mguuni na kuanza kubingirika, kwa muda mfupi njia yake inajulikana. Muda huo ndio wa kutazama. Gusa, tazama, gusa, tazama. Kutazama hakuhitaji sekunde nzima. Ni kutupa jicho mara moja na kurudi.

Mguso nao uendane na nafasi. Mbele kukiwa wazi, asukume mpira mbali kidogo, apate muda mrefu wa kutazama. Beki akiwa karibu, miguso iwe midogo na mingi, na kutazama kuwe kwa haraka zaidi. Mtoto anayetumia mguso wa aina moja kila mahali ama atapoteza mpira kwenye msongamano, ama atatembea polepole kwenye nafasi tupu.

Jambo jingine ni kuuona mpira kwa pembe ya jicho. Watazame wabeba mizigo wa soko la Ruvumera: gunia liko begani, watu wamejaa, na bado wanapita bila kukodolea miguu yao, kwa sababu macho yako kwenye upenyo unaofuata na mguu wanauona kwa pembeni. Mtoto naye azoee kuuona mpira kwa chini ya jicho huku uso ukiwa mbele.

Na atazame nini? Vitu vitatu, kwa mpangilio huu. Kwanza nafasi tupu, kwa sababu ndiko anakotakiwa kwenda. Pili mpinzani aliye karibu zaidi. Tatu mwenzake aliye huru. Watoto wengi huanza na mpinzani, na anayemtazama mpinzani tu huishia kumwendea. Akifika kwa beki, asitazame macho yake, kwa kuwa macho hudanganya. Atazame nyonga na miguu. Beki akitanguliza mguu mmoja, pita upande wa mguu huo uliotangulia. Itambidi ageuke kabla ya kukukimbiza, na kugeuka huko ndiko kunakokupa hatua moja ya faida.

Zoezi la 1: Msongamano

Chora mraba wa hatua 12 kwa 12 kwa ajili ya watoto 12. Nusu yao wana mipira, nusu hawana. Wenye mipira wanakokota popote ndani ya mraba bila kugusana na mtu. Wasio na mipira wanatembea humo humo, wakibadilisha mwelekeo wapendavyo. Baada ya dakika moja wanabadilishana.

Uchache wa mipira hapa unageuka kuwa msaada, maana wanaotembea ndio vizuizi vyenye uhai. Wiki ya pili, wasio na mipira wanyooshe vidole juu, kimoja hadi vitano, na kubadilisha mara kwa mara. Mkokotaji anapompita mtu anataja idadi ya vidole vyake. Usikubali vidole viwe vyako peke yako, kwa sababu mtoto atajifunza kumtazama mwalimu aliyesimama mahali pamoja, na siku ya mechi mwalimu hayuko ndani ya uwanja. Wiki ya tatu, punguza mraba hadi hatua 10 kwa 10.

Zoezi la 2: Milango inayofungwa

Katika eneo la hatua 20 kwa 20, weka milango sita, kila mmoja upana wa hatua mbili. Mawe au kandambili zinatosha. Watoto sita wana mipira. Watatu ni walinzi wasio na mpira: mlinzi akisimama ndani ya mlango, mlango huo umefungwa. Walinzi hawaruhusiwi kukaa mlango mmoja zaidi ya sekunde tatu. Mkokotaji anapata alama moja kwa kila mlango ulio wazi anaoupita, na haruhusiwi kurudia mlango ule ule mara mbili mfululizo. Cheza dakika moja, pumzika, badilisha zamu.

Zoezi hili linafundisha jambo ambalo kelele haziwezi kulifundisha: kuamua kabla ya kufika. Mtoto anayeinamia mpira atafika mlangoni na kukuta umefungwa, tena na tena, na matokeo yatamkosoa bila wewe kufungua mdomo. Baada ya raundi mbili utaona nyuso zinaanza kuinuka. Hapo ndipo usifu, tena kwa kutaja kitendo: "Uliona mlango umefungwa ukageuka mapema. Hivyo hivyo."

Zoezi la 3: Beki mmoja, goli mbili

Mshambuliaji ana mpira, beki anamkabili kwa umbali wa hatua nane. Nyuma ya beki kuna goli mbili ndogo zilizoachana kwa hatua kumi. Mshambuliaji anaweza kufunga bao kwenye goli lolote kati ya hayo mawili. Hapa anajifunza kusoma nyonga za beki na kubadili upande pale beki anapoegemea.

Likishaeleweka, ongeza mtoto wa tatu nyuma ya magoli. Mshambuliaji akiwa njiani, huyo wa tatu anakwenda kusimama mbele ya goli moja na kuliziba. Sasa mshambuliaji ana kazi mbili: beki aliye karibu na goli lililo mbali. Hali hiyo ndiyo mechi halisi. Mpe kila mtoto zamu fupi na nyingi. Foleni ndefu inaua somo, kwa hiyo ukiwa na watoto 12 panga vituo vinne vya watoto watatu watatu badala ya kituo kimoja.

Zoezi la 4: Wawili dhidi ya mmoja

Mwenye mpira anamwendea beki, mwenzake yuko pembeni. Kanuni ni rahisi: beki akija kwako, toa pasi, beki akimfuata mwenzako, endelea mwenyewe. Kosa la kawaida ni kutoa pasi mapema mno, wakati beki bado hajaamua, na matokeo yake beki anaifuata pasi na hakuna aliyefaidika. Mfundishe mkokotaji amwendee beki mpaka beki alazimike kuchagua.

Katika zoezi hili usisifu bao, sifu uamuzi. Mtoto aliyemwona mwenzake na kutoa pasi kwa wakati, hata kama mwenzake alikosa goli tupu, amefaulu. Na aliyefunga kwa kulazimisha njia wakati mwenzake alikuwa peke yake, mwite pembeni umuulize kwa upole. Watoto wanajifunza kile tunachokipigia makofi.

Zoezi la 5: Mechi ya wanne kwa wanne, goli nne

Kila timu inalinda goli mbili na kushambulia goli mbili. Upande mmoja ukisongamana, upande wa pili uko wazi, na anayeona kwanza ndiye anayefunga. Usiweke sheria ya kugusa mpira mara mbili tu. Sheria hiyo inaharakisha pasi, lakini inawanyima watoto nafasi ya kukokota, na hilo ndilo tulilokuja kulifundisha. Waache wacheze. Dakika 20 za mechi ndogo bila kukatizwa ndizo zinazounganisha yote waliyoyagusa kabla.

Uliza, kisha sikiliza

Mchezo ukisimama, badala ya kumwambia mtoto alichopaswa kufanya, muulize: "Uliona nini?" Kisha: "Nafasi ilikuwa wapi?" Kisha: "Nani alikuwa nyuma yako?" Maswali matatu yanatosha. Ukimpa jibu, amepata jibu la siku hiyo. Ukimuuliza, wiki ijayo ataanza kutazama mapema kwa kuwa anajua utauliza.

Hapa kwetu mtoto mmoja anafikiri kwa Kirundi, mwingine kwa Kiswahili, mwingine Kifaransa cha shule kimemkaa mdomoni. Mruhusu ajibu kwa lugha inayomjia kwanza. Lakini ndani ya mchezo, timu nzima ikubaliane maneno mawili matatu mafupi ya kusaidiana: "Mtu!" kwa anayefuatwa nyuma, "Geuka!" kwa aliye huru, "Peke yako!" kwa mwenye muda. Masikio ni sehemu ya kuona. Mkokotaji hana macho kisogoni, wenzake ndio macho yake ya nyuma, na timu isiyosema inamwacha gizani.

Makosa utakayoyaona, na dawa yake

Mtoto anatazama juu lakini anapoteza mpira kila mara: mguu haujawa tayari. Mrudishe kwenye kugusa mpira, kwenye nafasi kubwa zaidi, bila kumwaibisha.

Mtoto anainua kichwa lakini haamui lolote: anatazama kwa kukuridhisha wewe. Mpe zoezi la milango, ambapo kutazama bila kuamua hakuleti alama.

Mtoto anaona vizuri lakini anatumia mguu mmoja tu: nusu ya uwanja imefungwa kwake. Mpe raundi moja katika kila zoezi ya kutumia mguu dhaifu pekee.

Mtoto amekuwa mwoga wa kupiga chenga kwa sababu kila akipoteza mpira anazomewa: kosa ni letu. Katika umri huu kupoteza mpira ni ada ya kujifunza. Mwambie mbele ya wenzake kwamba anaruhusiwa kujaribu, hasa karibu na goli la wapinzani.

Wasichana wengi hufika mazoezini wakiwa wamepata miaka michache ya kuchezea mpira barabarani kuliko kaka zao. Wape muda zaidi wa kugusa mpira mwanzoni, kisha wape mazoezi yale yale bila kuyapunguza. Mwaka 2022 timu ya wanawake ya Burundi ilicheza fainali za Afrika nchini Moroko kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wasichana wako wana mahali pa kufika.

Panga saa moja hivi

Giza letu linaingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mchana jua la ukanda wa ziwa ni kali. Anza saa kumi na nusu. Dakika 10 za kugusa mpira, 10 za msongamano, 10 za milango, 10 za beki mmoja au wawili dhidi ya mmoja, na 20 za mechi ya goli nne. Kati ya kila sehemu, maji.

Mara moja kwa wiki, pima. Mpe mtoto anayepumzika, au mzazi aliyekuja kutazama, kazi ya kumfuata mchezaji mmoja kwa dakika mbili na kuhesabu mara anazogeuza uso kutoka kwenye mpira na kutazama uwanja. Andika kwenye daftari. Baada ya miezi miwili linganisha. Usiwashindanishe watoto wao kwa wao. Kila mmoja ashindane na namba yake ya zamani.

Mwaka 2019 timu ya taifa ya Burundi, Intamba mu Rugamba, walifika fainali za Afrika nchini Misri kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, wakapoteza mechi zao tatu na kurudi bila bao hata moja. Mazoezi ya watoto wa Buyenzi, Kamenge au Kanyosha hayatabadilisha hilo kwa msimu mmoja. Lakini wachezaji wa kesho wako viwanjani leo, na miguu tayari wanayo. Mwalimu, wiki hii punguza koni, weka milango sita ya mawe, nyamaza, na umuulize kila mtoto swali moja: uliona nini?